Sumukuvu kwenye mahindi na karanga: kwa nini moto wa jikoni hauiwezi

Menya hindi likiwa bado shambani, ulitazame kwenye ncha, pale zinapotokea ndevu. Kama kiwavi amepita, utaona kijia chenye ungaunga na kinyesi chake, na kando yake punje tatu au nne zilizovaa vumbi la kijani lenye umanjano, mfano wa majani makavu yaliyofikichwa. Vumbi hilo ni kuvu, jina lake la kitaalamu Aspergillus flavus. Wengi hulipangusa kwa kidole gumba na kulirusha hindi kwenye lundo pamoja na mengine. Vumbi limetoka, ni kweli. Lakini sumu iliyokwisha kuachwa ndani ya punje imebaki. Haina harufu wala ladha, na haitaondoka kwa kuoshwa, kwa kuchemshwa wala kwa kusongwa ugali.

Sumukuvu ni jina la jumla la sumu zinazotengenezwa na kuvu zinazoota kwenye vyakula. Ziko nyingi. Ukungu mweupe au wa waridi unaouona kwenye mahindi mara nyingi ni wa jamii ya Fusarium, nao hutoa sumu yake, fumonisini. Ila inayoua haraka na kuharibu zaidi kwetu ni aflatoksini, ya ule ukungu wa kijani, na ndiyo watu wengi huikusudia wanaposema sumukuvu. Ilijulikana mwaka 1960 Uingereza, bata mzinga zaidi ya 100,000 walipokufa kwa ugonjwa ambao hakuna aliyeweza kuupa jina. Ilikuja kugundulika kwamba walilishwa mashudu ya karanga kutoka Brazil yaliyokuwa na kuvu. Jina lenyewe limeunganishwa: a ya Aspergillus, fla ya flavus, na neno la Kizungu la sumu.

Afrika Mashariki tumeijua kwa misiba. Mwaka 1981 watu 12 walikufa Machakos. Mwaka 2004, Makueni, Kitui na wilaya jirani za Kenya, wagonjwa 317 waliorodheshwa na 125 wakafariki, yaani karibu wanne kati ya kila kumi. Mahindi yalikuwa ya kienyeji, yamelimwa na kuhifadhiwa palepale yakiwa na unyevu. Sampuli zilipochukuliwa kwenye masoko na maduka ya eneo hilo, zaidi ya nusu zilivuka kiwango kilichoruhusiwa wakati ule. Kisha 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, watu 68 wakaugua na 20 wakafa. Ukiitazama ramani, maeneo haya yanafanana: nyanda kame, joto, mvua za kusuasua, na ugali wa mahindi mezani karibu kila siku.

Kabla ya kuendelea, tuelewane kuhusu vipimo, kwa sababu hapo ndipo wengi hupotea. Jumuiya ya Afrika Mashariki inaruhusu mahindi yawe na aflatoksini zote kwa pamoja zisizozidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Sehemu 10 kwa bilioni ni maikrogramu 10 katika kilo moja. Kwenye gunia la kilo 100 hiyo ni miligramu moja tu, uzito wa punje moja au mbili za sukari, na gunia zima limefika mpakani mwa kiwango.

Jambo la pili ni gumu zaidi kuliona: sumu haisambai sawasawa. Gunia hilo lina punje kama laki tatu, na karibu zote zinaweza kuwa safi kabisa. Lakini imewahi kupimwa punje moja ya hindi yenye sehemu 400,000 kwa bilioni. Punje ina uzito wa theluthi moja ya gramu hivi, kwa hiyo punje saba au nane za namna hiyo zinatosha kulifanya gunia la kilo 100 lisifae kuliwa. Hii ndiyo sababu mfanyabiashara hupima shehena moja mara mbili akapata majibu mawili tofauti kabisa, akadhani maabara imekula njama. Aliyechoma bambo, kile chuma chenye ncha cha kuchotea nafaka, mara moja ubavuni mwa gunia moja hakupima shehena. Sampuli inayoaminika huchotwa kutoka magunia mengi, juu, katikati na chini, ikachanganywa, ikasagwa yote, ndipo kiasi kidogo kikachukuliwa kupimwa. Na hii pia ndiyo sababu kuchambua kwa mkono, kazi inayodharauliwa, ina nguvu kubwa kuliko inavyoonekana. Ukizipata zile punje saba, umelisafisha gunia.

Sasa kuvu inafikaje kwenye hindi? Inaishi udongoni, kwenye mabua ya mwaka jana na magunzi yaliyooza. Vijimbegu vyake hupeperushwa na upepo na kutua kwenye ndevu, au huingia kupitia matundu ya wadudu: bungua, viwavijeshi vamizi, na baadaye fukusi. Hindi lenye maji ya kutosha na ganda lisilotobolewa hujilinda vizuri. Likikosa mvua wakati wa kuchanua na kujaza punje, ulinzi huo hulegea, na joto la nyuzi 30 na kitu ndilo hasa kuvu hii hulipenda. Kwa hiyo mwaka wa ukame ni mwaka wa sumukuvu, na mvua zikirudi ghafla wakati wa mavuno hali huwa mbaya zaidi. Karanga nazo huumia vivyo hivyo. Maganda yake yamo udongoni, mlemle kuvu inamoishi, na ardhi ikikauka wiki za mwisho kabla ya kung'olewa, maganda hupata nyufa.

Ndiyo maana maneno ya "hifadhi vizuri tu" hayatoshi. Unaweza kuingiza ghalani mahindi ambayo tayari yana sumu.

Kuna njia inayoanzia shambani. Si kila Aspergillus flavus hutoa sumu. Zipo aina zake ambazo kwa asili haziwezi. Watafiti wa IITA, Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Kitropiki, na wa Wizara ya Kilimo ya Marekani walizichukua aina hizo, wakazipaka kwenye punje za mtama zilizokwisha kuuawa ili zisiote, wakazitia rangi ya buluu. Ndiyo Aflasafe. Kenya ilisajili ya kwake mwaka 2015, Tanzania mwaka 2018. Unazirusha kwa mkono shambani, kilo 4 kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla ya mahindi kutoa mbelewele. Kuvu isiyo na sumu huota juu ya ule mtama, hutawala shamba na kuinyima nafasi ile yenye sumu. Ikifanyiwa kazi sawasawa hupunguza aflatoksini kwa asilimia 80 na zaidi. Wanaoshindwa huwa wamekosea mambo yaleyale. Wameirusha kwenye udongo mkavu, na bila unyevu kuvu haioti, mtama unabaki kuliwa na ndege na mchwa. Au wameirusha kabla ya palizi ya mwisho, jembe likaifukia. Au wameirusha baada ya kuchanua, wakati ile yenye sumu imekwisha kukaa kwenye ndevu.

Halafu mavuno. Hindi limekomaa pale unapong'oa punje na kukuta doa jeusi kwenye kitako chake, panaposhikana na gunzi. Baada ya hapo punje haiongezeki tena chochote, na kila wiki unayoliacha limesimama ni wiki ya wadudu, mvua na mabua kuangukia chini. Hindi lililolala ardhini lisichanganywe na yaliyosimama. Ila tatizo ni kwamba punje iliyokomaa bado ina maji, kama asilimia 30, na ghalani inatakiwa isizidi 13.5. Tofauti hiyo yote inapaswa kuondoka haraka, na hapa ndipo ugomvi mkubwa na kuvu unapoamuliwa.

Anika juu ya turubai au kichanja, kamwe si kwenye udongo mtupu, kwa sababu udongo ndio nyumbani kwa kuvu na usiku hurudisha unyevu. Tandaza unene usiozidi vidole viwili. Geuza mara kadhaa kwa siku, na jioni kunja turubai kabla umande haujashuka. Mahindi ya kupukuchua yaanikwe kwanza yakiwa kwenye magunzi, yakipungua maji ndipo yapukuchuliwe, kisha punje zianikwe tena. Kuyatia kwenye gunia na kuyapiga kwa magongo ni haraka, lakini hupasua punje, na punje iliyopasuka ni mlango ulioachwa wazi. Mashine ya kupukuchua ni bora, mradi irekebishwe isivunje.

Kwa karanga kuna kosa moja linaloudhi kwa sababu linafanywa kwa makusudi. Wabanguaji hulowesha maganda makavu kwa maji ili yalainike na kubanguka upesi. Karanga iliyoanikwa wiki nzima ikafika kwenye unyevu salama wa asilimia 7 hivi, inarudishiwa unyevu kwa dakika tano, inatiwa kwenye gunia na kufungwa. Siku chache baadaye kuvu imetawala, na mnunuzi hajui lolote.

Utajuaje kuwa mahindi yamekauka? Kuuma kwa jino kunasaidia mzoefu, lakini hakutofautishi 13 na 16. Kama huna kipima unyevu, tumia chumvi. Chukua chupa ya kioo iliyokauka kabisa, yenye kifuniko. Ikaange chumvi kidogo au uianike mpaka iwe inamwagika kama mchanga. Jaza mahindi hadi theluthi ya chupa, ongeza vijiko viwili au vitatu vikubwa vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja au mbili, kisha iache itulie dakika 15. Itazame kwenye mwanga. Chumvi ikiwa imegandamana kwenye kuta za chupa, unyevu umezidi asilimia 15, rudisha mahindi juani. Ikiwa imeanguka yote chini na kuta ziko safi, unyevu uko chini ya 15. Hapo ongeza siku moja au mbili za jua kali kabla ya kufunga magunia, kwa sababu 15 bado si 13.5. Jaribu kwa punje kutoka sehemu mbalimbali za lundo. Jaribio lililofanywa kwa punje za juu tu hukupa jibu la punje za juu tu.

Ghalani, adui wa kwanza ni mdudu, na wengi hawauoni uhusiano wake na kuvu. Fukusi na dumuzi hupumua, na kila kiumbe kinachopumua hutoa joto na mvuke. Mvuke huo hupanda, ukikutana na sehemu ya baridi juu ya lundo au kwenye ukuta hugeuka maji, na mahindi yaliyoingia yakiwa makavu huota ukungu kipande kimoja. Dumuzi, aliyetoka Amerika ya Kati na kuonekana Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, ndiye hatari zaidi kwa sababu huigeuza punje kuwa vumbi. Dawa ya unga ya ghalani humuua mdudu lakini haiui kuvu wala haigusi sumu. Mwenye kunyunyizia dawa mahindi mabichi amejihakikishia mahindi mabovu yasiyo na wadudu.

Mifuko isiyopitisha hewa, ile yenye mifuko miwili ya plastiki ndani ya kiroba, hufanya kazi kwa njia nyingine. Wadudu waliomo humaliza oksijeni, wakaacha kula, wakafa, na kuvu nayo haistawi bila oksijeni. Jaza mfuko wa ndani, ukandamize hewa itoke, sokota shingo yake, ikunje na kuifunga kwa kamba, kisha wa pili vivyo hivyo, kisha kiroba. Kila tabaka lifungwe peke yake. Kagua matundu kabla ya kujaza, uweke juu ya chaga mbali na ukuta, na usiufungue ovyo kuchota debe. Mahindi mabichi hayaokolewi na mfuko huu. Huchacha, na siku unapoufungua hewa huingia, kuvu ikapata maji na oksijeni kwa pamoja.

Tuje jikoni. Maji huchemka kwa nyuzi 100, na aflatoksini huanza kuvunjika kwenye joto la zaidi ya nyuzi 200. Ugali, uji, makande, vyote hupikwa chini ya hapo. Kukaanga karanga hupunguza sumu kiasi lakini haiishi. Kuchachusha unga kwa ajili ya uji au pombe si dawa ya kutegemewa. Kinachosaidia kweli ni kuondoa, si kupika. Mimina mahindi kwenye ungo, pepeta, kisha chambua mahali penye mwanga: toa zilizobadilika rangi, zilizotobolewa, zilizovunjika, zilizosinyaa, chenga zote. Karanga zichambuliwe mara mbili, mbichi, na tena baada ya kukaangwa na kutolewa maganda mekundu, maana hapo ndipo zilizo nyeusi ndani hujionyesha.

Kukoboa nako kunasaidia sana, kwani sumu hukaa zaidi kwenye ganda la punje na kiini. Ndivyo ilivyo kwa muthokoi, makande ya Ukambani ya mahindi yaliyokobolewa: kuyakoboa mahindi hupunguza sumu, kwa wastani karibu nusu. Hapa pana mvutano wa kweli. Dona lina vitamini na nyuzinyuzi ambazo sembe haina, na ushauri wa lishe wa kula dona ni sahihi, kwa mahindi safi. Kama hujui mahindi yalikotoka na mwaka ulikuwa wa ukame, sembe ni salama zaidi.

Lakini sumu iliyotoka kwenye sembe haikupotea. Imeenda kwenye pumba, na pumba huliwa na kuku na ng'ombe. Kuku hudumaa na kupunguza kutaga. Ng'ombe huigeuza B1 kuwa aflatoksini nyingine, M1, na kuitoa kwenye maziwa ndani ya siku moja, na kuyachemsha maziwa hakuiondoi. Habari njema ni kwamba ukibadilisha chakula cha ng'ombe, maziwa husafika baada ya siku tatu nne.

Ndani ya mwili wa binadamu, ini ndilo hubeba mzigo. Likijaribu kuivunja B1 ili itoke, vimeng'enya vyake huigeuza kuwa umbo kali zaidi, linalonata kwenye vinasaba vya seli za ini zenyewe. Mara nyingi huharibu jeni iitwayo TP53, ambayo kazi yake ni kuzuia seli zisizaliane bila mpangilio. Kwa dozi kubwa, seli hufa kwa wingi: mgonjwa hutapika, tumbo huuma na kujaa maji, macho huwa ya manjano, mkojo kuwa mweusi, na kifo kinaweza kufika ndani ya siku chache. Hakuna dawa ya kuiondoa sumu mwilini. Hospitali husaidia mwili ujitetee. Ikiwa watu wawili watatu wa nyumba moja wanakuwa na macho ya manjano kwa wakati mmoja, wapelekwe hospitali mara moja, na mahindi waliyokula yasiliwe tena. Yahifadhiwe sampuli ya kupimwa.

Dozi ndogo ya kila siku haipigi kelele. Huleta saratani ya ini baada ya miaka mingi, na hapa kuna ukweli ambao haujasemwa vya kutosha vijijini. Utafiti uliofuatilia wanaume zaidi ya 18,000 mjini Shanghai ulionyesha kwamba aliyekuwa na aflatoksini pekee alikuwa na hatari ya saratani ya ini mara tatu hivi ya asiye na chochote kati ya hivyo, mwenye virusi vya homa ya ini B pekee mara saba, na mwenye vyote viwili karibu mara 60. Kwa hiyo chanjo ya homa ya ini B, iliyomo ndani ya ile sindano ya mtoto ya wiki 6, 10 na 14, ni kinga dhidi ya madhara ya mahindi mabovu pia. Mtu mzima ambaye hakuchanjwa aulize kituo cha afya.

Kwa watoto, tafiti za Benin na Togo zilikuta kwamba wenye aflatoksini nyingi kwenye damu walikuwa wafupi kuliko wenzao. Wanasayansi bado wanajadiliana ni kiasi gani cha udumavu kinatokana na sumu yenyewe na kiasi gani na umaskini unaoandamana nayo, lakini hakuna anayebisha kwamba mtoto mdogo hula sumu nyingi kwa kila kilo ya uzito wake. Hatari huanza hasa anapoachishwa maziwa ya mama pekee na kuingizwa kwenye uji wa mahindi na karanga. Unga wa lishe uliosagwa kutoka karanga za bei ya chini zisizochambuliwa unamdhuru mtoto ambaye ulikusudiwa kumjenga. Sagia nyumbani nafaka ulizozichambua mwenyewe, na uchanganye mtama, ulezi au mchele ili mahindi na karanga visibebe uji wote.

Soko nalo lina lake. Machi 2021 Kenya ilisimamisha mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, kisha baada ya siku chache ikayaruhusu kwa masharti, likiwemo la cheti cha kipimo. Lakini mkulima anayeuza kwa dalali shambani hulipwa kwa debe, yawe makavu au mabichi, na mahindi mabichi hujaza debe upesi zaidi. Maadamu bei haitofautishi, anayeanika siku tano zaidi anajipunguzia kipato kwa mikono yake. Mnunuzi anayebeba kipima unyevu na kulipa zaidi kwa makavu angefanya kazi kubwa kuliko semina nyingi.

Zimebaki zile punje ulizochambua, labda kisado kizima kwa gunia. Usiwatupie kuku, usiziuze kwa wapika pombe, usizirudishe shambani kama mbolea. Funika pua na mdomo kwa kitambaa unapozishika, chimba shimo refu mbali na kisima, zimwage humo na ufukie siku ileile, kabla mtu mwenye njaa hajaziona na kuziokota.